Upande wa Kulia, Nyuma ya Bawa

Ukija ofisini kwetu, mtaa wa Hai Mauna hapa Juba, kukata tikiti ya ndege, usinijie na ule upuuzi wa "nipe kiti chochote." Mimi sitoi kiti chochote. Nitakuuliza unakwenda wapi, unaondoka saa ngapi, umepanda ndege mara ngapi, na kama shingo yako inageuka vizuri. Wateja wengine hukasirika, wanaona ninawachelewesha. Na wakasirike tu. Wakirudi kutoka safari, wengi wao hupita kunisalimia hata kama hawana tikiti ya kukata.

Ni miaka tisa sasa nauza tikiti, na nasema bila haya: Juba hii hakuna anayeyajua madirisha kama mimi. Najua ndege zipi zina mabawa juu, ambazo popote utakapokaa utaona chini bila kizuizi, na zipi zina mabawa chini, ambazo ukikosea safu utasafiri mpaka Nairobi ukitazama bawa. Najua kuna ndege moja kubwa yenye safu ambayo kwenye kompyuta imeandikwa kiti cha dirishani, lakini ukifika pale dirisha halipo, kuna ukuta mtupu. Mwaka wangu wa kwanza nilimkalisha mhubiri mmoja pale. Aliporudi alisimama mbele ya meza yangu, akavua miwani, akasema, "Dada, uliniuzia ukuta." Niliona aibu wiki nzima. Tangu siku hiyo, kila abiria anayerudi namuuliza: ulikaa safu gani, upande gani, uliona nini? Majibu nayaandika kwenye daftari la jalada gumu. Sasa niko kwenye daftari la nne.

Na hapa niseme la aibu mapema, lisije likasemwa na mwingine. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Hata moja! Uganda nilikwenda mgongoni kwa mama, Kitale nilikosomea na kupata Kiswahili hiki nilikwenda kwa basi, na Juba nilirudi kwa lori, nimekalia gunia la maharagwe. Kinyozi hajinyoi. Mwenye ofisi, mama mmoja Mkenya mwenye moyo mzuri na ulimi mrefu, hunitania mbele ya wateja: "Huyu dada anajua mbingu yote na hajawahi kuinuka hata mita moja." Nacheka naye. Lakini tukifika kwenye suala la upande, hatuchekeani.

Yeye kila abiria wa Nairobi anataka akae kushoto. "Mpe kushoto aone Mlima Kenya," ananiambia. "Asubuhi ukiwa wazi unaona hadi theluji." Mimi nasema kulia. Siku moja akaniuliza, mteja akiwa amekaa pale pale, "Sasa kulia ataona nini? Juba kuna nini cha kuona? Mabati na vumbi."

Wee! Damu ilinipanda. Nilimwambia, "Madam, kwa heshima yako, kulia ataona mto ukijigawa na kukutana tena. Ataona daraja, ataona Jebel, mlima wetu, umekaa peke yake kule magharibi na nyumba zimepanda hadi miguuni kwake. Ataona mji ambao miaka ile watu walisema hautafika popote. Na jua la asubuhi liko kushoto, huko kwenye mlima wako, litamchoma macho." Mteja akachagua kulia. Mwenye ofisi akacheka mpaka akashika meza, lakini nilijua hajakubali. Na mimi yote niliyoyasema nilikuwa nimeyakusanya kwa vinywa vya watu, hakuna hata moja nililoliona kwa jicho langu.

Sasa nije kwa mama yangu, maana habari hii ni yake.

Mama ni fundi wa milaya. Kwa asiyezijua, milaya ni yale mashuka ya kutarizi kwa mkono ambayo wanawake wa kwetu hutandika siku ya arusi, siku ya ubatizo, siku ya msiba, na kila anapofika mgeni wa heshima. Mgeni akikuta kitanda chako hakina milaya atakunywa chai yako na kunyamaza, lakini njiani akirudi atasema. Mama alijifunza sindano kambini, kaskazini mwa Uganda, baada ya baba kufariki na kumwachia mimi na mdogo wangu wa kike. Nyuzi zake za kwanza alizifumua kwenye sweta kuukuu za msaada. Tuliporudi Juba, ndugu za marehemu walimwambia kwa upole kabisa kwamba mjane hajengi, akae tu uani kwao. Mama akawaitikia, akawapikia chakula kizuri, halafu akaenda zake kutafuta kiwanja Sherikat, ng'ambo ya daraja.

Nyumba ile imejengwa kwa sindano. Milaya hii ilitoa mlango, ile ikatoa madirisha, na za mwaka mzima wa mwisho zilitoa mabati. Vyumba vitatu na baraza. Na kwenye baraza hiyo amewafundisha kutarizi karibu wanawake wote wa mtaa wetu. Hawatozi kitu, ila ukikosea mshono utatukanwa wewe na aliyekulea. Nikiwa mtoto nilimwonea mama haya, kwa vile vidole vyake vilivyojaa matundu ya sindano. Siku hizi watu wakiniuliza mimi ni binti wa nani, natangulia kutaja vidole hivyo.

Kuna jambo moja alilitaka tangu kambini. Mfanyakazi mmoja wa misaada alileta picha kubwa ya kambi yetu iliyopigwa kutoka angani, akaibandika ukutani kwenye zahanati. Watu walijaa pale. Kila mtu alitafuta kibanda chake, na akikiona anapiga kelele, "Nyumba yangu hii hapa!" Mama naye alitafuta chetu, safu kwa safu, mpaka kidole chake kikafika ukingoni mwa karatasi. Sisi tuliishi baada ya ukingo. Mtu mmoja akasema, "Nyinyi hamumo!" na wote wakacheka, si kwa ubaya, na mama akacheka nao. Nyumbani hakucheka. Nilikuwa na miaka minane, na namkumbuka alivyokalia ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Siku moja nitapanda huko juu niangalie mwenyewe."

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua Nairobi, mtoto wa kwanza. Mumewe, Mungu ambariki, akasema mama mkwe haji kwa basi, anakuja kwa ndege. Kurudi ndiko angerudi kwa basi, kupitia Kampala, kwa sababu alishapania kununua vitambaa na nyuzi njiani, na mizigo ya namna hiyo ndege haiitaki. Kwa hiyo dirisha lilikuwa hilo moja tu.

Mama alikuja ofisini mwenyewe. Hakutaka nimfanyie kazi nyumbani. Alisubiri nyuma ya wateja wawili, zamu yake ilipofika akakalia kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani. Tukiwa wawili tunaongea Kiarabu cha Juba, lakini siku hiyo, kwa ajili ya mwenye ofisi, alitumia Kiswahili chake cha Uganda. "Mimi nataka kiti ya kuona nyumba yangu," akasema.

Mwenye ofisi akaingia kati. "Mama, kaa kushoto! Utaona Mlima Kenya."

"Hiyo mlima nani alijenga?"

"Aah, mama, ni Mungu."

"Basi Mungu aangalie yake. Mimi naenda kuangalia yangu."

Jamani, nilitamani kumkumbatia pale pale mbele ya foleni! Mwenye ofisi akarudi mezani kwake.

Nilimpangia mama kiti nisivyowahi kumpangia mtu. Mvua zilikuwa zimeanza, na mvua zikianza upepo hutoka kusini, ndege zinapaa zikielekea mtoni. Maana yake, magurudumu yakishaacha ardhi, muda mfupi tu unavuka mto, na Sherikat inakuja upande wa kulia. Safu ya kumi na tisa, nyuma kabisa ya bawa. Ndege ya asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Nilipekua madaftari yote manne kuhakikisha safu hiyo ina dirisha la kweli, nikapata watu watatu waliokaa pale, na mmoja wao aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe: dirisha safi, daraja lote.

Palibaki shida moja. Abiria mmoja, mhandisi anayeishi Sherikat, alishaniambia kwamba aliitafuta nyumba yake kutoka juu akashindwa. "Mabati yote yanang'aa sawa," alisema. "Unaona mng'ao tu, ndege imeshapita." Nikawaza siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia mama: tutandike milaya juu ya paa.

Mama aliniangalia kana kwamba nimetapika mezani. Milaya juu ya bati? Kwenye jua, vumbi na kinyesi cha kunguru? Nikamwacha aseme mpaka achoke. Kisha akaenda chumbani, akafungua sanduku, akarudi na ile nyeupe ya tausi wawili, kazi ya miezi minane, ambayo watu walishamwomba awauzie mara tatu akakataa. "Hii," akasema. "Tausi aangalie juu."

Ningenyamaza hapo, mambo yangekwenda sawa. Lakini mimi na mdomo wangu! Jioni hiyo nilikutana na jirani yetu, mama wa mapacha, kwenye gari la maji. Yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza wa mama, na ukuta wake na wetu ni mmoja. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Kesho kutwa mama ataiona nyumba yake kutoka angani. Itakuwa na milaya juu ya paa. Hawezi kupotea." Nilikuwa najisifu, niseme ukweli. Akasema, "Kwes," yaani vizuri, akajitwika ndoo yake akaenda. Mdomo huponza kichwa, na mimi nilikuwa nimeshakiponza.

Siku ya safari nilimpeleka mama uwanja wa ndege mapema. Alivaa gauni lake la kanisani na viatu vilivyokuwa vinambana. Mlangoni nilimrudia mara ya mwisho: kumi na tisa, kulia, dirishani, usikubali kubadilishana na mtu. Akanijibu, "Nimezaa mtoto au nimezaa kasuku?" akaingia bila kugeuka. Nami nikarukia bodaboda kuelekea darajani. Milaya tulikuwa tumeikunja vizuri tangu jana yake, ngazi ilikuwa tayari ukutani, na mawe manne ya kuibana nilishayaosha.

Tulipoingia Sherikat niliona kitu cheupe juu ya paa moja. Nikadhani ni nguo zimeanikwa. Mbele kidogo nikaona kingine, halafu kingine chenye maua ya njano pembeni, halafu vitatu kwa pamoja. Moyo ukaniambia ni msiba, tena mkubwa. Nikamwambia wa boda aongeze mwendo. Tulipokata kona ya kwetu ndipo nikaelewa. Mapaa yote ya mtaa yalikuwa yametandikwa. Milaya kila mahali, nyeupe juu ya nyeupe, mpaka kule mtaa unapoishia kwenye shamba la mihogo. Na juu ya paa la jirani, sketi ameikunja kiunoni, mama wa mapacha alikuwa anabana ya kwake kwa matofali.

"Mnafanya nini?" Nilipiga kelele hata kabla sijashuka kwenye pikipiki.

"Tunamsindikiza mwalimu!" akajibu, uso umejaa furaha.

"Teremsheni! Teremsheni zote sasa hivi!"

Furaha ikamtoka usoni. Wanawake wengine wakajitokeza, mmoja bado ana sindano na uzi kifuani. Nikawaeleza, nikihema, kwamba milaya ni moja tu, ya kwetu, ili mama aijue nyumba yake. Kwamba sasa atatazama chini na kuona mashuka matupu, hatajua lake ni lipi. Kwamba mwanamke huyu ameingoja dakika hii moja maisha yake yote na wao wamemharibia. Nilisema vibaya. Nilisema maneno ambayo mama yangu mwenyewe asingemwambia mwanafunzi mwenye mshono mbovu kuliko wote.

Mama wa mapacha akasimama wima juu ya mabati yake. "Mgeni wa heshima hutandikiwa nini?" akaniuliza.

"Yeye si mgeni! Ni mwenye nyumba!"

"Anaondoka kwa ndege, mara ya kwanza, na sisi tumwache aangalie bati? Watu watasema amefundisha wanyama?" Akaniangalia kwa hasira. "Kwani mama ni wako peke yako?"

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, na nashukuru Mungu simu ililia, maana jibu lile hadi leo ningekuwa nalijutia. Alikuwa mama, ndani ya ndege.

"Kuna baba amekaa kwa dirisha langu," akasema kwa sauti ya chini. "Ana suti. Anasema viti ni sawa tu, nikae kati."

"Usikubali! Mama, mwonyeshe karatasi. Mwite yule binti wa ndege. Usikubali!"

"Sijakuuliza nifanye nini, nakuambia ili ujue kwa nini watu wanapiga kelele." Nikamsikia akigeuka na kusema kwa Kiswahili, taratibu, "Baba, simama." Halafu tena, taratibu zaidi, "Baba, mimi nasimama hapa mpaka ndege ioze." Nilisikia watu wakicheka, nikasikia mkanda ukifunguliwa, mtu akiomba pole. "Nimekaa," mama akaniambia. "Wanasema tuzime simu." Na simu ikakatika kabla sijamwambia lolote kuhusu mapaa.

Hapakuwa na muda tena wa kugombana. Nilipanda ngazi na milaya ya tausi begani. Nikaitandaza. Nikaibana na mawe. Ilikuwa nzuri, walahi, ilikuwa nzuri kuliko zote, lakini nilipoinua macho nikaona zile nyingine zimenizunguka pande zote, nikajua kwamba uzuri ule utaonekana na aliyesimama karibu tu.

Kisha tukaisikia. Ilitokea ng'ambo ya mto, pua juu, sauti yake ikitangulia, ikavuka maji na kuanza kutupita upande wa mashariki. Upande wake wa kulia ulikuwa kwetu, kama nilivyokuwa nimeandika. Nilivua kitambaa cha kichwa, nikasimama juu ya mgongo wa paa, nikapunga kwa nguvu zangu zote, angalau anione mimi. Nikageuka, nikakuta na wao wamesimama, kila mmoja juu ya paa lake, wote wanapunga vitambaa, wengine wanapiga vigelegele. Hata hapo nilikuwa peke yangu katika watu thelathini. Ndege ikainamisha bawa kidogo, ikazidi kwenda juu, ikawa ndogo, ikaisha.

Safari ya Nairobi haichukui hata saa mbili. Nawaambia wateja kila siku kwamba ni fupi, hutamaliza hata gazeti. Siku ile nilijua urefu wake. Nilikaa barazani na simu mkononi. Wanawake waliteremsha milaya zao mmoja mmoja, wakazikung'uta, halafu badala ya kwenda makwao wakaja kukaa uani kwetu, kwenye vigoda vyao vya siku zote, na kuanza kuzikunja. Mama wa mapacha alinimiminia chai akaiweka karibu yangu. Sikuinywa. Nilikuwa nawaza kwamba nimempa mhubiri ukuta, na mama yangu nimempa shuka thelathini, na kwamba mimi na madaftari yangu manne tuchomwe pamoja.

Simu ilipolia wote waliacha kukunja.

"Nimefika," mama akasema. "Mtoto ana pua ya baba yenu. Mzito! Huku kuna baridi."

"Mama, uliiona?"

Nikasikia mtoto akilia kule nyuma na mdogo wangu akimbembeleza.

"Nyumba yetu sikuiona," akasema. "Nilitafuta tausi. Niliweka uso kwenye kioo mpaka pua ikauma. Kutoka kule tausi haonekani, mwanangu, hakuna cha ua wala ndege, ni nyeupe tu, nyeupe hapa, nyeupe pale. Sikujua yangu ni ipi."

"Malesh, mama. Nisamehe. Ni mimi. Mdomo wangu huu ndio uliowaambia. Niliwaambia wateremshe, walikataa, nime..."

"Nyamaza. Sijamaliza. Yule baba wa suti naye aliinama kuchungulia. Akaniuliza, mama, ni nini hiyo nyeupe juu ya nyumba za watu? Kuna sikukuu? Ni ya nani?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia, ile yote iko yangu."

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Nimekosea?" akauliza. "Hakuna mkono pale ambao sikuushika mimi nikauonyesha sindano. Nilimwambia aangalie vizuri. Nikamwonyesha mpaka mwisho wa mtaa, mpaka kwenye mihogo. Akasema, mama, wewe ni tajiri. Nikamwambia, ndiyo." Hapo sauti yake ikatetemeka, nikajua analia, na mama yangu si mtu wa machozi; alimzika baba bila kulia mbele ya watu. "Ilikuwa kubwa," akasema. "Mimi nilidhani nitaona kitu kidogo."

Alipokata simu niliinua uso. Wote walikuwa wananitazama, milaya mapajani. Nilikuwa na deni la kuwaomba radhi, tena radhi ndefu, na kifua kilikuwa kimejaa fahari.

"Ameiona nyumba?" mama wa mapacha akauliza.

"Hapana," nikasema. "Ameziona milaya zenu. Kuna mtu alimuuliza ni za nani, akamwambia zote ni zake."

Mama wa mapacha akaikung'uta milaya yake, akatafuta pembe mbili, akazikutanisha.

"Kwani ni za nani?" akasema, na kuendelea kukunja.